Mobutu, mtu aliyeshuka kutoka mawingu

Ndugu wachimbaji, mama mnaobaki nyumbani wakati baba yuko Kamituga ao Shabunda, na ninyi vijana mliozaliwa kiisha mwaka 1997: leo tunaongea juu ya Mobutu. Mambo ya mali aliyochukua, ya vita na ya jela, mlikwisha kuyasikia mara nyingi. Lakini kuna upande mmoja wa maisha yake ambao watu hawauongelei sana. Mbele ya kuwa mkubwa wa jeshi, Mobutu alikuwa mwandishi wa gazeti. Alijua nguvu ya habari kuliko wakubwa wenzake wote. Na televisheni ya nchi yetu ilizaliwa na kukomaa mikononi mwake.

Kwa sisi watu wa sendika, maisha haya ni somo kubwa. Miaka ambayo picha yake ilipanda juu kabisa, njo miaka ambayo sauti ya mfanyakazi ilizimwa.

Mtoto wa mpishi

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1930 ku Lisala, kando ya mto Kongo. Baba yake alikuwa mpishi wa jaji mmoja Mbelgiji. Alikufa wakati mtoto alikuwa na miaka 8 tu. Kutoka hapo Mobutu alikua kwa kuhamahama katika jamaa, akasoma kwa mapadri. Kifaransa alikijua vizuri, lakini alikuwa mtundu. Mwaka 1949 mapadri walichoka naye. Wakati wa Wabelgiji, mwanafunzi mkaidi aliweza kupelekwa jeshini kwa nguvu, na njo vile ilikuwa kwake: miaka 7 ya Force Publique.

Kule jeshini, kazi aliyofundishwa ku Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga, ilikuwa ya ofisi: kuandika barua na ripoti, kupiga mashine, kushika hesabu. Alisoma kila gazeti lililofika mkononi mwake, akaanza yeye mwenyewe kuandika. Mwaka 1956 alivua nguo za jeshi, akaingia katika gazeti L'Avenir ku Léopoldville, na tena aliandikia Actualités africaines.

Mwaka 1958 alifika Brussels wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Katika maonyesho yale Wabelgiji walijenga kijiji cha Kikongo, wakaweka ndani watu wetu, na wageni walipita wakiwatazama nyuma ya uzio. Ilifika wakati watu wale walichoka na matusi, wakarudi kwao. Mkumbuke jambo hili, juu linaeleza mengi ya mbele: yeye anayeonyesha ana nguvu, na yeye anayeonyeshwa hana neno la kusema.

Redio ya mwaka 1960

Kiisha uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, askari waliasi, na Mobutu akafanywa kanali na mkubwa wa kazi za jeshi. Alikuwa na miaka 29.

Televisheni ya Leta haikuwa bado, lakini redio ilikuwako, na vita ya wakubwa ilipita kwa redio. Tarehe 5 Septemba 1960 mangaribi, Prezida Kasavubu aliingia katika kituo cha redio ku Léopoldville, akatangaza kwamba amemwondoa Lumumba kazini. Lumumba akaenda kwenye redio ileile, akajibu usiku uleule kwamba Kasavubu njo ameondolewa. Kesho yake watu wa ONU walifunga kituo. Kwa macho, kilifungwa kwa wote wawili. Lakini Kasavubu alikuwa na rafiki ng'ambo ya mto, na redio ya Brazzaville ilimpa nafasi ya kusema. Lumumba, aliyejua kuongea kuliko wote, alibaki bila mdomo.

Siku 9 nyuma yake, tarehe 14 Septemba, sauti mpya ilisikika ku redio. Ilikuwa ya Mobutu. Alitangaza kwamba jeshi linawaweka wanasiasa wote kando mpaka mwisho wa mwaka. Mapinduzi yake ya kwanza yalifanyika kwa tangazo.

Mwanzo wa Desemba Lumumba alikamatwa njiani akienda Kisangani, mji uliokuwa unaitwa Stanleyville. Walimrudisha Léopoldville mikono imefungwa, wakamfikisha kwenye kambi ya Mobutu. Watu wa kamera walikuwako. Walipiga filme askari wakimvuta nywele na kumsukumia karatasi mdomoni. Picha zile zilizunguka dunia. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga, na pale kamera haikuwako. Kumbe kamera inaitwa kwa mambo mamoja, na kwa mengine inafukuzwa.

Televisheni inafika

Mobutu alichukua utawala wote tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka mmoja nyuma yake, Novemba 1966, televisheni ya Leta ilianza kuonyesha picha ku Kinshasa.

Tueleze kidogo namna chombo hiki kinavyofanya kazi. Kamera inageuza mwanga kuwa umeme. Mtambo wa kurusha unatuma umeme ule hewani kama mawimbi, na antena ya nyumbani inayapokea. Mawimbi ya televisheni yanaenda moja kwa moja kama jicho linavyoona, mlima unayazuia. Mutazame milima yetu kutoka hapa Kasha na Bagira kwenda Kabare: mtambo wa Kinshasa ungewezaje kufika huku? Ilibidi satelaiti, chombo kinachokaa juu karibu kilometa 36.000, kinachopokea picha ya Kinshasa na kuirudisha chini ku antena kubwa za miji ya majimbo.

Kwa njia hii picha ya Kinshasa iliweza kufika Bukavu. Picha ya Bukavu kwenda Kinshasa ilikuwa hadithi ingine. Njia ilijengwa kwa kushuka; ya kupanda, ilitegemea mapenzi ya wakubwa.

Tena vyombo havikuwa vingi. Chombo cha televisheni kilikuwa bei kali, na umeme haukufika kila mahali. Watu walijazana kwa jirani mmoja mwenye nacho, watoto chini, wazee ku viti, wengine dirishani. Katika makambi ya wachimbaji, redio ya mabetri ilibaki na nguvu zaidi. Lakini yule mwenye televisheni aliheshimiwa, na kilichoonekana usiku kiliongelewa asubuhi mpaka kwa mtu ambaye hakuona kitu.

Mobutu alielewa hayo. Katika miaka ya 1970 alijengesha Kinshasa mji mzima wa redio na televisheni, ghorofa ndefu, kwa ufundi wa Wafaransa. Uliitwa Sauti ya Zaïre. Wakati ule mapato ya Leta yalitoka kwa sehemu kubwa katika shaba ya Katanga. Kwa hiyo tunaweza kusema bila kudanganya kwamba mchimbaji wa shaba alisaidia kuilipa ile ghorofa.

Saa mbili ya usiku

Kila usiku saa mbili ya Kinshasa, ndiyo saa tatu huku kwetu, mbele ya habari, watu waliona mawingu. Katikati ya mawingu uso wa Mobutu ulitokea, na kofia yake ya chui, ukawa unakaribia, sawa vile mtu anashuka kutoka mbinguni. Kiisha habari zinaanza: Prezida amepokea fulani, Prezida amesafiri, Prezida amerudi. Mwaka 1975 kulikuwa hata wakati ambapo watangazaji walikatazwa kutaja jina la mkubwa mwingine. Walitaja kazi yake tu. Jina lilikuwa moja.

Yeye mwenyewe alikuwa amebadili mambo ya majina. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaïre. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Suti na kravati ziliondolewa, abakosi ikaingia. Kiisha kutembelea China na Korea ya Kaskazini, aliongeza ile tuliyoiita animation: mbele ya kazi na mbele ya masomo, watu wanaimba na kucheza kwa kumsifu. Usiku ngoma zile zinarudi ku televisheni. Mfanyakazi alicheza asubuhi, na usiku akatazama wengine wakicheza.

Tusikatae lakini kwamba mazuri yalikuwako. Watu walipenda michezo ya kuigiza ya kundi Salongo, walipenda mupira, walipenda muziki. Televisheni ilimfanya mtu wa Bukavu amjue mtu wa Mbandaka kwa sura na kwa nguo. Njo hapo hatari ilipojificha. Hakuna mtu angekaa saa tatu nzima kutazama mawingu. Watu walikaa juu ya mupira na mchezo, na mawingu yakapita katikati.

1974

Mwaka 1974 ulikuwa kilele. Mwezi wa Machi timu ya Zaïre ilichukua kombe la Afrika. Juni ikaenda kombe la dunia Ujerumani, timu ya kwanza ya Afrika iliyo chini ya Sahara kufika kule. Ilifungwa na Scotland 2 kwa 0, na Yugoslavia 9 kwa 0, na Brazil 3 kwa 0. Hapo Mobutu alijifunza kwamba picha ya televisheni haimtii mtu kila siku.

Tarehe 30 Oktoba akapata ile aliyoitaka. Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi ku Kinshasa. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, na Zaïre ilishika mzigo. Pigano lilianza karibu saa kumi ya usiku. Juu ya nini usiku ule mzito? Juu kwa saa ile Wamarekani wa New York walikuwa bado macho, wamekaa katika kumbi za sinema zilizopokea picha kwa satelaiti. Watu wa Kinshasa waliacha usingizi ili saa ya Marekani iwe nzuri. Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya 8. Mobutu hakukaa uwanjani. Aliliangalia pigano nyumbani kwake, ku televisheni.

Mwaka uleule wa 1974, mwalimu mmoja wa Cambridge, Raymond Williams, alitoa kitabu juu ya televisheni ambacho watu wa masomo wanakitumia mpaka leo. Tumtaje juu alikuwa karibu na watu kama sisi: mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtu wa sendika, mzaliwa wa Wales, nchi ya migodi ya makaa ya mawe. Wengi walisema mashine inakuja na kubadili watu yenyewe, sawa mvua. Yeye alikataa. Alionyesha kwamba kuna watu wenye nia na franga wanaoitafuta mashine, na tena wanaochagua itumike namna gani. Kuweka kituo kimoja katikati kinachosema, na manyumba maelfu yanayosikiliza tu, haikuwa amri ya umeme. Watu walichagua. Alionyesha pia kwamba televisheni haitoi kipindi kimoja kimoja. Inatoa mtiririko, kitu kinafuata kingine bila pumziko, na mtu anabaki amekaa. Williams aliandika juu ya Uingereza na Marekani. Lakini ukichukua mawazo yake na kutazama Zaïre ya 1974, utaelewa mawingu, ngoma na ngumi vilifungwa pamoja namna gani.

Mambo yasiyoonekana

Sasa tuje kwetu, watu wa migodi. Tarehe 1 Januari 1967 Leta ilichukua mali ya Union Minière ku Katanga, na ile kazi ikawa baadaye Gécamines. Watu walishangilia. Mwaka uleule wa 1967 Mobutu aliunda chama chake, MPR, na masendika makubwa ya nchi yaliunganishwa kwa nguvu kuwa moja, iliyoitwa baadaye UNTZa. Sendika ikawa mkono wa chama. Kazi yake ikageuka: badala ya kupeleka malalamiko ya mfanyakazi juu, ilishusha maneno ya wakubwa chini. Ukiitazama vizuri, ni njia ileile ya televisheni.

Kwa hiyo mgomo haukuonyeshwa. Mchimbaji aliyeangukiwa na udongo hakuonyeshwa. Bei ya shaba ilianguka kutoka mwaka 1974, deni la nchi likapanda, mshahara ukaliwa na bei ya soko, lakini saa mbili ya usiku mawingu yalifunguka vilevile. Huku Kivu makampuni ya madini yaliunganishwa mwaka 1976 kuwa SOMINKI, na miaka ya 1980 ilipofika, wengi waliona kazi ile ikififia. Mwaka 1982 sheria iliruhusu watu kuchimba zahabu na almasi kwa mikono. Maelfu ya vijana wakaingia mashimoni bila mkataba, bila daktari, bila sendika. Maisha mazima ya jimbo letu yalibadilika, na ku televisheni walibaki wakicheza.

Lakini kitu kisichoonyeshwa hakifi. Wanaokiishi wanakijua, na kila siku wanakipima na ile picha.

Picha inageuka

Desemba 1989, televisheni za dunia zilionyesha Ceauşescu wa Romania, rafiki wa Mobutu, akiwa amekufa kwa risasi pamoja na mke wake. Miezi minne nyuma yake, tarehe 24 Aprili 1990 ku N'sele, Mobutu alisimama mbele ya kamera na kutangaza mwisho wa chama kimoja. Sauti ilimkatika, machozi yakamtoka, na nchi nzima ikaona. Miaka 20 watu walimwona kama mungu wa mawingu. Siku ile waliona mzee anayelia. Woga hauwezi kurudi kama zamani kiisha kuona vile. Na mwaka ule masendika yalipata tena ruhusa ya kuwa mengi na kusema.

Agosti 1991 Mkutano Mkuu wa Taifa ulifunguliwa, Askofu Mkuu Monsengwo akawa baadaye mwenyekiti wake. Vikao vilipitishwa ku redio na televisheni. Watu walisikia majina ya walioiba na walioua yakitajwa wazi, na chombo kilekile cha Mobutu njo kilikuwa kinayataja. Januari 1992 serkali ilifunga Mkutano. Tarehe 16 Februari Wakristo waliandamana ku Kinshasa kuomba ufunguliwe, na wengi walipigwa risasi. Watu waliokuwa wamezoea kutazama, walitoka wakatembea.

Uso wa Mobutu ulikuwa pia ku noti. Mwaka 1967 zaire 1 ilikuwa na bei ya dola 2. Mwisho wa 1992 walitoa noti ya zaire milioni 5, na wauzaji waliikataa. Januari 1993 askari waliolipwa nayo wakaasi. Uso ambao nchi nzima iliutazama kila usiku haukuweza tena kununua kilo ya unga.

Mwisho wake

Agosti 1996 Mobutu alipasuliwa ku Lausanne, Uswisi, juu ya kansa. Alikuwa bado Ulaya wakati vita ya AFDL ilifika kwetu. Bukavu ilianguka mwisho wa Oktoba 1996, na Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa tarehe 29. Mobutu alirudi Kinshasa Desemba, mwili umekwisha. Tarehe 4 Mei 1997 alikutana na Kabila katika meli ku Pointe-Noire, Mandela akiwa katikati, na kamera za dunia zilionyesha ugonjwa wake wazi. Tarehe 16 Mei alitoroka Kinshasa. Tarehe 7 Septemba 1997 alikufa Rabat, Marokko, na miaka 66. Kesho yake ya maziko ya Diana ilikuwa, na televisheni za dunia zilikuwa bado London. Mtu aliyemlipa Ali ili dunia imtazame alikufa wakati dunia ilikuwa inatazama upande mwingine. Alizikwa kule kule Marokko.

Tunabaki na nini?

Leo televisheni ni nyingi, na kila kijana aingiaye shimoni ana simu mfukoni yenye kupiga filme. Wengine wanasema kwa hiyo mambo ya Mobutu yamekwisha. Mimi siamini hivyo. Wakubwa wa leo pia wanalipa kamera: anayegawa magunia ya unga, anayefungua shule, kampuni inayoonyesha kofia mpya za wafanyakazi. Picha zile zinaweza kuwa za kweli. Lakini nani alilipa kamera, na nini kimebaki nje ya picha? Mshahara uko wapi, mkataba uko wapi, na yule aliyevunjika mguu wiki iliyopita?

Njo maana tunawaomba mambo mawili madogo. Mkitazama, mtazame pamoja na watoto na muwaulize yasiyoonekana. Na mikutano ya sendika na ya koperative msiiache, hata kama mvua inanyesha na kiti hakuna. Mobutu alikuwa na satelaiti, ghorofa na franga za shaba. Kitu kimoja alichokiogopa mpaka kukifungia ndani ya chama chake, ni chumba kidogo ambamo wafanyakazi wanakaa, mmoja anasema, na mwingine anaweza kumjibu.